Kigawe, Kigawo na Mtoto wa Kidato cha Kwanza

Wapenzi wa lugha mtaniwia radhi nikianza na hesabu. Miongoni mwa maneno niliyoyatumia darasani kwa miaka zaidi ya 30, kwanza sekondari na baadaye katika chuo cha ualimu, hakuna mawili niyapendayo kama kigawe na kigawo. Yatazameni vizuri. Yametoka katika kitenzi kimoja, gawa, na yanatofautiana kwa irabu moja tu ya mwisho, lakini irabu hiyo ndiyo yenye kazi yote. Irabu -e huonyesha mwenye kutendwa: mtume ni aliyetumwa, mteule ni aliyeteuliwa, kiumbe ni kilichoumbwa. Irabu -o mara nyingi huonyesha chombo au njia ya kutendea: kifuniko hufunika, kizibo huziba, ufagio hufagia. Basi kigawe ni kile kinachogawika, na kigawo ni kile kinachogawa. 12 ni kigawe cha 3. 3 ni kigawo cha 12. Mtoto wa darasa la tano ambaye sarufi hii anayo ulimini, hata kama hajawahi kuisikia ikitajwa, hahitaji kukariri fasili. Fasili imo ndani ya neno lenyewe. Ndiyo maana KDS na KKS, yaani Kigawe Kidogo cha Shirika na Kigawo Kikubwa cha Shirika, humkaa kichwani hata uzeeni.

Mtoto huyo akifaulu mtihani wa kumaliza shule ya msingi, huingia kidato cha kwanza, na maneno hayo mawili hufa siku hiyo hiyo. Hupewa mengine mawili ya Kiingereza ambayo hayana undugu kati yao wala hayahusiani na chochote alichokwisha kukijua. Hapiti mtu akamwambia kuwa ni vitu vile vile alivyovikokotoa miaka miwili iliyopita. Nimekutana na wanafunzi wa kidato cha pili waliokuwa na hakika kwamba hiyo ni mada mpya, ngumu, ya sekondari. Nilipowatajia KKS wakacheka kwa mshangao, kama mtu aliyekutana na binamu yake ugenini.

Nalisema hili kwa sababu tumezoea kujiambia kwamba nchi yetu ina elimu ya lugha mbili. Kwa maoni yangu, tunachonacho ni elimu ya lugha moja, kisha elimu ya lugha nyingine, na katikati pana mto usio na daraja. Kuna majuma machache ya kozi ya Kiingereza mwanzoni mwa kidato cha kwanza, nayo ni kama kamba iliyorushwa ng'ambo. Wenye mikono yenye nguvu huishika. Elimu ya lugha mbili iliyo ya kweli huziweka lugha zote mbili mezani kwa wakati mmoja, ikazipa kila moja mwalimu wake, vitabu vyake na heshima yake. Mwaka 1963, katika shule ya Coral Way mjini Miami, Marekani, watoto wa wakimbizi wa Kuba na watoto wa Kimarekani walianza kusoma pamoja, sehemu ya siku kwa Kihispania na sehemu kwa Kiingereza, na kila lugha ilikuwa na walimu wake. Shule nyingi za umma za huko zimefuata njia hiyo tangu wakati ule. Sisemi tuige; hali zetu ni tofauti, na watoto wetu hawana wenzao darasani ambao Kiingereza ni lugha yao ya nyumbani. Nataka tu tukubaliane juu ya maana ya neno, maana mpimaji asiyejua anachokipima atarudi na namba zisizo na mwenyewe.

Historia yetu wengi mnaijua, nami nitaipita kwa haraka. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi mwaka 1967, mwaka ule ule lilipoanzishwa Baraza la Kiswahili. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee hadi sekondari kuanzia 1985, na hatimaye hadi chuo kikuu. Mwaka 1983 serikali ikalikataa pendekezo hilo. Mwalimu Nyerere mwenyewe, ambaye hakuna anayeweza kumtuhumu kwa kukidharau Kiswahili, alikitetea Kiingereza kwa kukifananisha na Kiswahili cha dunia. Sera ya mwaka 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, huku ikikiacha Kiingereza palepale kilipokuwa. Mwenye shoka hakalipa, mwenye mti hakakata.

Katika historia hiyo kuna tukio moja ambalo ningependa tulitulie. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walikipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wa sekondari. Waliona kwamba wengi wao hawakuwa na uwezo wa kukitumia kujifunzia masomo mengine. Baada ya kuona hivyo walipendekeza Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia, ila kisaidiwe. Na mradi wa kukisaidia ukaanza mwaka 1987 kwa fedha za Uingereza. Ni sawa na tabibu anayemkuta mgonjwa hawezi kumeza, akaandika kwamba aongezewe ugali. Kipimo chao kilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni ujasiri wa kukitii.

Tangu hapo tumepimwa mara nyingi. Mradi wa LOITASA, uliowakutanisha watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norwei kuanzia mwaka 2002, ulilinganisha madarasa yaliyofundishwa kwa lugha inayoeleweka na yale yaliyofundishwa kwa Kiingereza, na matokeo yake hayakuwa fumbo. Mwaka 2013 yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia, takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Tume ikaundwa, alama zikapangwa upya, magazeti yakaandika kuhusu maabara, madawati na mishahara ya walimu. Yote ni ya kweli. Lakini karatasi za majibu nilizowahi kuzisahihisha zilikuwa zikinieleza jambo jingine: swali lilikuwa limenakiliwa kama lilivyo mahali pa jibu, kwa mwandiko mzuri, bila kosa hata moja la tahajia. Mtoto asiye na la kusema huacha nafasi wazi. Huyu alikuwa na la kusema, ila alikuwa hajui ameulizwa nini.

Nilipokuwa mkufunzi chuoni, kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuwatembelea wanachuo katika mazoezi ya kufundisha. Tulikuwa na fomu ya tathmini, na ndani yake palikuwa na sehemu ya matumizi ya lugha ya kufundishia. Mwanachuo aliyesikika akisema Kiswahili katika somo lisilo la Kiswahili alikatwa alama. Matokeo yake kila mkufunzi aliyajua. Mwanachuo alikuwa na masomo mawili: moja la kumfundishia mkufunzi aliyekaa nyuma, jingine la kuwafundishia wanafunzi pindi mkufunzi akiondoka na pikipiki yake. Mimi sehemu ile niliijaza kwa maelezo marefu pembeni, nikieleza ni lini mwanachuo aligeukia Kiswahili na kama kugeuka huko kulisaidia au kuliharibu, jambo lililowakera waliotakiwa kujumlisha alama.

Siku moja katika shule ya sekondari ya kata, mwanachuo wa Biolojia alifundisha osmosisi. Fasili aliiandika ubaoni, wanafunzi wakaisoma kwa pamoja mara tatu, akauliza kama wameelewa, wakaitikia kwa sauti moja kwamba wameelewa. Somo kamili, kwa fomu ile. Mwishoni niliomba dakika tano, nikauliza kwa Kiswahili: ukikatakata nyanya na vitunguu, ukatia chumvi, ukaiacha kachumbari mezani, kwa nini baada ya muda bakuli huwa na maji ambayo hukuyatia? Kimya kifupi, kisha mikono kama msitu. Msichana mmoja wa safu ya nyuma alisema chumvi iko nje nyingi, ndani ya nyanya kidogo, basi maji yanatoka ndani kwenda kwenye chumvi. Nikamuuliza kwa nini chumvi yenyewe haikuingia ndani ya nyanya badala ya maji kutoka. Akafikiri, akasema, "Labda ngozi ya ndani inachagua, mwalimu." Ngozi inayochagua! Vitabu vimeutafutia utando huo jina refu, naye amelipata kwa kula kachumbari. Nilipoangalia daftari lake la mazoezi, osmosisi ilikuwa imepata 0 kati ya 10.

Basi nawauliza: ile sifuri ilipima nini? Haikuipima Biolojia yake. Kiingereza chake pia haikukipima kwa haki, kwa kuwa mtihani wa lugha hupimwa kwa namna nyingine. Ilipima mto usio na daraja, ikaiandikia kosa hilo jina la mtoto.

Hapo malenga wengi husimama wakasema: tumalize, tufundishe kila kitu kwa Kiswahili, lugha yetu inajitosheleza. Ninawapenda kwa moyo huo, nami ni mmoja wao nyakati za jioni. Lakini nataka niwapeleke kwenye somo jingine, la Fizikia, ambalo mwanachuo wangu aliamua kulifundisha kwa Kiswahili kwa sababu aliona wanafunzi wamelala. Waliamka kweli. Kisha akaanza kuieleza kani akaiita nguvu. Alipofika kwenye nishati akaiita nguvu. Uwezo wa mashine nao ukawa nguvu. Tungamo akaiita uzito, na uzito akauita uzito. Katika dakika 40 vitu vitano ambavyo Fizikia imehangaika karne kadhaa kuvitenganisha vilirudi kuwa viwili. Wanafunzi walielewa kila sentensi, wakaondoka na somo lililopotoka.

Kosa si la Kiswahili. Maneno kani, nishati, tungamo na mchapuko yapo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Maktaba ya chuo chetu ilikuwa na nakala mbili, na nilipozifungua kwa mara ya kwanza kurasa zake zilikuwa bado zimegandamana pembezoni. Mwalimu wetu wa sekondari husoma sayansi kwa Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza hadi anapohitimu ualimu. Hakuna mahali katika safari hiyo anapoulizwa neno la Kiswahili la kitu anachokwenda kukieleza. Tunamtuma akafundishe kwa Kiingereza asichokimudu vizuri, akizidiwa anakimbilia Kiswahili cha sokoni, ambacho ni kizuri mno kwa sokoni. Kuwa na Kiswahili cha kuzaliwa na kuwa na Kiswahili cha Fizikia ni mambo mawili, kama vile kujua kuimba hakumfanyi mtu ajue mizani.

Kwa hiyo ningekuwa mimi ninayeandaa tathmini ya lugha katika shule zetu za umma, ningeanzia kwa mwalimu kabla ya kumgusa mtoto. Ningemkalisha mwanachuo anayekaribia kuhitimu, nikamwambia: nieleze tofauti ya tungamo na uzito kwa Kiswahili, sasa nieleze kwa Kiingereza. Asiyeweza kwa lugha zote mbili hajawa tayari kusimama mbele ya watoto ambao wanaishi kati ya lugha hizo mbili. Hili halihitaji sera mpya wala fedha za wafadhili. Linahitaji chuo kiamue, na saa moja kwa juma.

Kwa mtoto, ningetaka swali moja liulizwe mara mbili. Apewe jambo alieleze kwa Kiswahili, kisha baada ya siku kadhaa alieleze kwa Kiingereza, na alama mbili ziandikwe kando kwa kando bila kujumlishwa. Zikiwa zote chini, tatizo ni ufundishaji wa somo. Ya Kiswahili ikiwa juu na ya Kiingereza chini, tatizo ni Kiingereza, na apelekwe kwa mwalimu wa Kiingereza badala ya kurudishwa nyumbani kwa kuwa ni mjinga wa Kemia. Na kuna hali ya tatu ambayo nimeiona zaidi katika shule za kulipia: ya Kiingereza iko juu kwa kukariri, ya Kiswahili haipo kabisa, na ukimbana kidogo unagundua hata ile ya Kiingereza ni mwangwi.

Na mtihani wa taifa je? Karatasi ya sayansi iandikwe kwa lugha mbili, ukurasa wa kushoto Kiswahili, wa kulia Kiingereza, mtahiniwa ajibu kwa ile atakayo. Niliposema hivi katika semina moja niliambiwa haiwezekani kiufundi. Lakini mtihani wetu wa darasa la saba tayari huandaliwa kwa lugha zote mbili, kwa kuwa zipo shule za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza. Afrika Kusini nao huchapa mitihani ya kumaliza sekondari kwa Kiingereza na Kiafrikana. Inawezekana kwa Kiafrikana, ikishindikana kwa Kiswahili naomba niambiwe sababu, ila isiwe ya kiufundi. Mwaka 2021 tulibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Mshitakiwa sasa ana haki ya kuelewa anashitakiwa nini. Mtahiniwa naye anastahili kuelewa anaulizwa nini.

Upande wa wazazi ndio ulionipa usiku mwingi wa kukosa usingizi. Jirani yangu mmoja anauza samaki, na kwa samaki hao anamsomesha binti yake katika shule ya Ingilishi Midiamu. Nilimkuta akihesabu ada, baada ya shikamoo na marahaba nikajaribu kumweleza haya ninayowaeleza. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, hiyo tungamo yako itamwajiri nani?"

Sikumwona mjinga, na ninawaomba malenga wenzangu msimwone hivyo. Ameangalia tangazo la kazi, ameangalia watoto wa wakubwa wanasoma wapi, amefikia hukumu yake. Ukimwambia mtu huyu kwamba Kiingereza ni kasumba, anakusikia ukimwambia mwanawe abaki nje ya mlango ambao wewe ulikwisha kuupita. Jibu linalomfaa ni jingine: kwamba njia aliyoambiwa inaelekea kwenye Kiingereza siyo inayofika. Huko Ile-Ife, Nigeria, kuanzia mwaka 1970, Babs Fafunwa na wenzake waliwafundisha watoto masomo yote ya shule ya msingi kwa Kiyoruba kwa miaka sita, huku Kiingereza kikifundishwa kama somo, na mwalimu maalumu aliyekijua. Watoto wale hawakubaki nyuma kwa Kiingereza, na katika masomo mengine waliwapita wenzao waliohamishiwa Kiingereza njiani. Sehemu ya siri imo katika maneno yale matatu, mwalimu maalumu aliyekijua. Kiingereza hujifunzwa kwa mwalimu wa Kiingereza. Mwalimu wa Jiografia anayebabaika nacho hamfundishi mtoto Kiingereza wala Jiografia. Nilimweleza jirani hivyo. Akasema, "Sasa hapo tunazungumza," akaendelea kuhesabu ada, maana shule ya aina hiyo hapa kwetu haipo.

Watunzi mnaosoma haya mna sehemu yenu, na si ile ya kuandika mashairi ya kuisifu lugha kila ifikapo tarehe 7 Julai. Sifa tunazo za kutosha. Utenzi kwetu umekuwa darasa tangu kale. Watu walifundishana dini, adabu na tiba kwa beti. Niliwahi kuwapa wanachuo zoezi la kutunga utenzi wa kisayansi, na mmoja akaja kulalamika kwamba usanisinuru ni mizani sita, kwa hiyo kwenye mshororo wa mizani nane anabakiwa na mbili tu za kusemea jambo. Nikamwambia amejifunza kitu ambacho mwandaa istilahi hakukifikiria: neno la darasani lazima liweze kubebwa na ulimi. Usanisinuru ni neno zuri, lenye usanisi na nuru ndani yake, linajieleza kama kigawe linavyojieleza. Lakini mengine yalitungwa na watu ambao hawakuwahi kuyatamka mbele ya watoto 70 mchana wa jua kali, na yanajulikana kwa uzito wake.

Siku hizi, Jumamosi asubuhi, walimu watano wa hesabu na sayansi kutoka shule za jirani hukutana barazani kwangu. Tunapitia vitabu vya kidato cha kwanza mada kwa mada, tukiandika kila neno kwa lugha mbili, na kando yake sentensi moja ambayo mwalimu anaweza kuitamka darasani bila kuona haya. Tumefikisha maneno 214. Mengi hayakutupa taabu: kipenyo na nusukipenyo, pembemraba, kipeuo cha pili. Tumekwama kwenye mstari wa grafu. Wawili wanasema mteremko. Mwenzao mmoja akauliza: na mstari ukiwa unapanda, bado utauita mteremko? Wengine wanataka mwinamo, lakini mwalimu wa Fizikia anasema kwake mwinamo ni kitu kinachoegama, hakina habari ya kupanda wala kushuka. Mimi nina maoni yangu, nimeyaweka akiba. Mwenye neno bora alilete, pamoja na sentensi ya kulitumia.